Mkwe wa Kwenye Kioo

Mkonze, Dodoma
15 Februari 2004

Kwako mke mwenzangu Devota,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana tangu Krismasi sijaona shikamoo yako hata ya kuazima. Huko Dar es Salaam mnafundishwa hesabu za makampuni, adabu mnafundishwa na nani? Babu yako angekuwa hai ningemwambia akuache, nibaki naye peke yangu.

Sisi tunapumua. Mvua imenyesha kwa kuchagua, shamba la jirani imelipa maji, letu imelipita kama mtu asiyetaka kusalimia. Uwele umeota hivyohivyo. Mdogo wako Charles amepanda darasa, na Nyemo ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka akijifunika mdomo kama bibi harusi. Mbuzi mwekundu amezaa. Mlenda upo. Mimi goti linaniuma, lakini lilikuwa linaniuma hata ulipokuwa huku, kwa hiyo siyo habari.

Baba yako ana malaria kidogo. Zabibu bado hazijapogolewa, atapogoa akipata nguvu.

Umeuliza kwa nini sitaki simu. Simu nimeiona kwa mwalimu, anapanda kilimani kupiga kelele na kijiji kizima kinajua mambo yake. Mimi nilisoma ngumbaru nikiwa na watoto watano mgongoni na miguuni ili niweze kuandika barua, sitaitupa shule yangu. Barua mpe Matonya wa kwenye basi, atanifikishia. Matonya ni mlevi, lakini barua hanywi.

Soma. Kula. Usisuke nywele za kukuumiza kichwa.

Ni mimi bibi yako,
Anyesi

~

Dar es Salaam
2 Machi 2004

Mpendwa Bibi,

Shikamoo, shikamoo tena, na shikamoo ya tatu uiweke akiba. Mimi mzima. Mitihani imekwisha. Joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa, naukumbuka upepo wa Mkonze.

Bibi, Matonya aliponipa barua yako nilimwuliza habari za nyumbani. Akaangalia chini. Matonya, ambaye hanyamazi hata akiwa usingizini. Mwishowe akaniambia kwamba baba haongei na mtu tangu Januari. Kwamba anakaa chini ya chanja cha zabibu kutwa nzima, halali, hali mpaka asukumwe, na watu wakipita wakimsalimia anawatazama kama wanaongea Kichina.

Malaria gani hiyo, Bibi? Tangu shirika lao liuzwe na wao wapunguzwe kazi, baba hakuwa sawasawa. Mama alipofariki nilidhani atalia kisha atasimama. Mimi siko mbali kiasi cha kudanganywa. Niambie, na niambie yote.

Wasalimie Charles na Nyemo. Huyo mwenye pengo mwambie nitamletea mswaki wa rangi.

Mjukuu wako,
Devota

~

Mkonze
21 Machi 2004

Kwa Devota,

Matonya nimemwambia akikanyaga tena ua huu namchapa na mwiko. Marahaba.

Charles amefaulu jaribio. Nyemo hajambo. Uwele umefika kiunoni na ndege wameshaanza kuuchungulia. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Sasa unataka yote. Haya, kaa chini.

Tangu tulipomzika mama yako nikahama Nzuguni kuja kulea wadogo zako, mimi na baba yako tumeishi ua mmoja kwa heshima. Unajua desturi. Mimi ndiye niliyemzaa mke wake. Hatutazamani usoni, hatuli pamoja, hatugusani, na kama nina neno naye namwambia mbuzi. Nasimama upande wangu wa ua nasema, wewe mbuzi, uji upo, na yeye upande wake anasikia anakuja kuuchukua nikishaondoka. Tumeishi hivyo vizuri. Nimewahi kugombana na watu wengi ninaowatazama usoni, lakini na Ernest sijawahi.

Januari akaacha kujibu. Zamani nikimwambia mbuzi jambo, alikuwa anakohoa, nami najua amesikia. Kikohozi kikakatika. Nikamwita padri, akaombea. Mzee mmoja wa Nzuguni akaja na mizizi yake, akasema kuna mtu amefunga ulimi wa Ernest kwenye fundo. Nikamwuliza ni nani, akasema fundo lenyewe halisemi. Nikamfukuza na mizizi yake.

Halafu siku moja wadogo zako wakiwa shule, nilikwenda zizini kuchukua samadi. Nikamkuta baba yako amesimama na kamba ya ndama mkononi, naye anatazama juu, kwenye boriti. Mtu anayetafuta ndama hatazami juu.

Nikamshika mkono. Nikamgeuza, nikamtazama machoni, mimi mama mkwe wake. Kamba ikaanguka. Baba yako akaenda kukaa chini ya chanja, na tangu siku hiyo amezidi kujificha, maana sasa ana aibu ya kunitazama mimi juu ya yale aliyokuwa nayo. Hilo ndilo sikutaka kuliandika. Kamba zote za nyumba hii ziko chini ya kitanda changu. Ndama analala bila kufungwa, na asubuhi nakimbizana naye mimi na goti langu.

Usinitajie hospitali ile ya vichaa ya hapa mjini. Najua inatibu, sijasema haitibu. Lakini watoto wa Dodoma wakigombana wanatukanana kwa jina lake, na ukoo wangu haujatoa mtu wa kupita geti lile. Hautaanza na mume wa marehemu mwanangu.

Ni mimi,
Anyesi, bibi yako

~

Dar es Salaam
1 Aprili 2004

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Asante kwa kumshika mkono baba. Desturi itatusamehe.

Sasa nisikilize bila kurusha mwiko. Kuna daktari huku anaitwa Rukaya, ni daktari wa magonjwa ya akili na huzuni. Mwaka jana alianza kuwasikiliza watu walio mbali kwa njia ya kompyuta. Yeye anakaa huku mbele ya kompyuta yake, mgonjwa anakaa huko mbele ya nyingine, wanaonana kwenye kioo na kusikilizana. Ana mgonjwa Mtwara, ana mwingine Kigoma. Nimezungumza naye habari za baba.

Hapo mjini, mtaa wa nyuma ya soko, kuna duka la intaneti la bwana mmoja anaitwa Abdulrazaki. Ana chumba cha nyuma chenye mlango wa kufunga. Watu wakiwaona mnaingia watadhani mmekuja kuandikiana na mimi. Hakuna geti, Bibi. Ni duka tu, mlango wa pili wanauza madaftari.

Dokta Rukaya amesema jambo moja tu la lazima: baba aambiwe ukweli, asiletwe kwa kudanganywa. Na ameniomba nikwambie uendelee kulala na hizo kamba, na baba asiachwe peke yake hata mchana. Umefanya vile ambavyo angekuagiza mwenyewe.

Ni Alhamisi asubuhi, kila wiki. Tafadhali, Bibi.

Wako,
Devota

~

Mkonze
25 Aprili 2004

Kwa Devota na huyo daktari wako,

Marahaba. Uwele tumevuna, siyo mwingi wa kuimbiwa. Zabibu zimejiachia kama nywele za mwendawazimu, hakuna aliyepogoa, na majani yamekula nguvu yote.

Nilimwambia mbuzi. Nikasema, wewe mbuzi, Devota amepata daktari, anatibu watu kwa kuwasikiliza, yuko Dar es Salaam lakini anafika kwenye kioo, na mtu akitaka kwenda aoge. Nikaenda zangu jikoni. Kesho yake asubuhi nikasikia maji yanamwagika bafuni. Nilikaa chini pale pale, Devota. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikakaa nayo.

Tukaenda. Mimi mbele, yeye nyuma, kama inavyotakiwa. Abdulrazaki ni mtu wa heshima, ametuamkia vizuri, baba yake nilikuwa nikinunua chumvi kwake. Akatuingiza chumba cha nyuma. Kioo kikawaka, uso ukaja vipandevipande, kwanza paji, halafu pua, halafu mwanamke mzima na ushungi wake mweupe. Wa umri wa mama yako. Akasalimia kwa adabu.

Mimi nikaona mgeni huyu ametoka mbali, na baba yako amekaa kama gogo. Nikasema nimpe daktari heshima ili Ernest asimdharau. Nikiwa nimegeukia ukutani nikasema, Ernest, huyu mama kuanzia leo ni mdogo wangu, nimemchukua kuwa ndugu. Daktari akafurahi, akashukuru. Mimi nikatoka.

Baba yako hakusema neno. Nilipochungulia, nikakuta amegeuza kiti, anatazama ukuta, na daktari anaongea na kisogo chake kwa upole kama mtu anayebembeleza mtoto. Wakakaa hivyo mpaka muda ukaisha. Alhamisi iliyofuata yaleyale, na iliyofuata tena yaleyale. Sijui kama ni waya wa Abdulrazaki umeoza au huyo daktari hajui kazi. Baba yako anarudi nyumbani ameinama kuliko alivyokwenda.

Mimi nimejaribu. Usiseme sikujaribu.

Anyesi

~

Dar es Salaam
4 Mei 2004

Bibi wangu,

Shikamoo. Nilikuwa naisoma barua yako kwenye bweni, na nilipofika pale pa mdogo wako nikapiga kelele mpaka wenzangu wakaja kunishika.

Bibi, umeona ulilofanya? Ukimwita daktari mdogo wako, kwa baba amekuwa nani? Amekuwa mama mkwe. Umemweka mama mkwe wa pili kwenye kioo, uso kwa uso, halafu unataka amwambie yaliyo moyoni. Baba hakumdharau daktari. Alimheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumheshimu.

Nimemweleza Dokta Rukaya. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema tusiharakishe kucheka, kwa sababu mtu anayekumbuka kumstahi mkwe bado yumo ndani, hajaondoka. Anauliza kama unaweza kuyarudisha maneno yako.

Amesema pia kwamba anakusubiri wewe. Dawa ya jambo hili anayo Bibi, siyo yeye.

Devota

~

Mkonze
30 Mei 2004

Kwa mke mwenzangu,

Marahaba. Nyemo amepata jino jipya, limeota kwa kupinda. Charles anasema anataka kuwa rubani, nimemwambia aanze kwa kuamka mapema.

Undugu haurudishwi kama sahani ya kuazima. Nikishasema mtu ni mdogo wangu, ni mdogo wangu. Mwambie daktari kwamba hata akifa nitakwenda matangani.

Lakini nilifikiri, nikipura uwele. Wakwe wenye neno zito hufanyaje? Hukaa mmoja huku na mwingine kule, katikati kuna ukuta, wakasema. Mimi mwenyewe nilipoposewa mama yako, maneno makubwa ya Ernest niliyasikia nikiwa nyuma ya pazia. Hakuna anayewakataza wakwe kuongea. Kinachokatazwa ni macho.

Alhamisi nikatia kanga yangu nzito kwenye kikapu. Daktari alipotokea nikamwamkia, nikamwambia, mdogo wangu, nisamehe, nakufunika. Nikakifunika kioo chote na lile jicho lao la kamera juu yake, nikabana na pini. Abdulrazaki akaingia akauliza kama naogopa vumbi. Nikamwambia namsitiri mkwe. Yule bwana alizaliwa mjini na ni Mwislamu, lakini alielewa palepale, akaturudishia mlango taratibu.

Daktari akasema kutoka nyuma ya kanga, "Mimi sihitaji kukuona, baba Devota. Nahitaji sauti yako tu, na hata ukinyamaza nipo."

Nikatoka nikakaa nje ya mlango, mgongo kwa mlango.

Kikaja kimya. Nikasema tumekwisha tena. Halafu Ernest akakohoa. Kile kikohozi chake cha zamani, Devota, cha kuniambia amesikia. Na baada ya kikohozi, maneno. Kwanza moja moja, halafu kama gunia lililotoboka. Aliongea mpaka adhana ya adhuhuri ikalia, akalia na yeye, na daktari hakumkatiza hata mara moja. Mimi nilisogea mbali na mlango, maana hayakuwa yangu. Nilimwambia Abdulrazaki azime redio ya dukani, kisha nikamwambia aiwashe, nisisikie.

Jambo moja lilinifikia kabla sijasogea, nalo ni lako pia. Mama yako alipozidiwa, baba yako alikuwa Singida anaomba kazi ya kuendesha lori. Anaamini kwamba angekuwa nyumbani angemwahisha na angepona. Amekaa na jiwe hilo tangu msiba, anakula nalo, analala nalo.

Tuliporudi nikamngoja mpaka akae chini ya chanja chake. Nikamfuata mbuzi mwekundu upande wangu wa ua, nikasema kwa sauti:

"Wewe mbuzi, sikiliza. Sikumwozesha mwanangu ili mume amzuilie kifo. Siku ile kulikuwa na mtu nyumbani. Nilikuwa nimekuja kumwuguza mimi niliyemzaa, nilimwahisha mimi, na hakupona. Kama ni kosa la aliyekuwa mbali, la aliyekuwa karibu tutaliitaje?"

Mbuzi akaendelea kutafuna. Kisha nikasikia kutoka upande wa pili, kwa sauti iliyopasuka kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi:

"Nimesikia, mama."

Nimeandika haya nikiwa nimekaa mlangoni, jua linaniangalia. Nyemo ananiuliza kwa nini nacheka na machozi. Nimemwambia ni vitunguu. Hatuna vitunguu.

Bibi yako,
Anyesi

~

Dar es Salaam
14 Juni 2004

Bibi wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeiweka chini ya mto, ndiyo Biblia yangu ya wiki hii.

Dokta Rukaya anasema baba anakwenda vizuri, wanaongea kila Alhamisi na wakati mwingine wanacheka. Lakini usingizi bado unamkataa, na anataka baba apate dawa. Dawa haiwezi kupita kwenye waya. Lazima daktari aliye karibu ampime, ampe, amfuatilie. Bibi, hapo mjini wanaofanya kazi hiyo wako ndani ya geti lile. Dokta amewasiliana nao, wanamsubiri. Najua ulichosema.

Kuna jambo jingine. Uliwahi kuniuliza kwa nini sikuja Krismasi, nikakwambia mitihani. Hapakuwa na mitihani.

Baada ya kumzika mama nilirudi chuo nikiwa kama wengine. Halafu ikafika siku sikuweza kuamka. Siyo uvivu, Bibi. Nilikuwa naiona chai ikipoa pembeni na siwezi kunyoosha mkono. Mwenzangu wa bwenini ndiye aliyenishika akanipeleka kwa Dokta Rukaya. Hivyo ndivyo ninavyomfahamu. Mimi ni mgonjwa wake tangu mwaka jana, nakunywa dawa, nimepona kiasi cha kufaulu mitihani yangu yote. Sikuja nyumbani kwa sababu niliogopa utaniona usoni na kusema ukoo wako haujatoa mtu wa namna hiyo.

Sasa umejua. Nisamehe kama umekasirika.

Devota

~

Mkonze
11 Julai 2004

Kwa Devota,

Marahaba, na nyamaza nikuseme.

Umenikasirisha. Umekaa na ugonjwa mwaka mzima kama mtu aliyeiba kuku, unaniandikia habari za joto. Chai ikapoa pembeni yako na mimi nipo hai huku, na basi lipo. Kuna siku ngapi nilizokaa nikimlilia mama yako, ambazo ningeweza kuja kukushikia kikombe?

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine utaipata ukija.

Na ni kweli nilisema ukoo wangu haujatoa mtu wa namna hiyo. Sasa umetoa wawili, na nimewatazama wazima wote ninaowajua hapa Mkonze, sioni hata mmoja wa kubadilishana nanyi.

Haya, sikia ya geti.

Baba yako alipoambiwa na daktari, alirudi akasimama upande wake wa ua, akamwambia mbuzi. Yeye mwenyewe, Devota, kwa mara ya kwanza alimtumia mbuzi wangu. Akasema, wewe mbuzi, kuna mahali natakiwa kwenda, na sitaki kumtia mama aibu, nitakwenda alfajiri watu wakiwa bado wamelala.

Alfajiri. Kama mwizi. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu huyu amerudi kutoka huko alikokuwa, halafu apitishwe gizani kwa ajili ya jina langu.

Nikamjibu mbuzi kwamba tutakwenda saa nne, na siku ya gulio. Nikavaa gauni la Pasaka. Mimi mbele, Ernest nyuma, tukapita katikati ya watu na nikasalimia kila mmoja, hata ambao huwa siwasalimii. Tulipofika getini, nani amesimama ng'ambo ya barabara na kikapu cha nyanya? Mama Gideoni wa kwaya. Yule ambaye akiijua habari asubuhi, mchana inaimbwa kwa sauti nne. Akaja mbio, akaniuliza kwa upole wa uongo kama nimepotea njia.

Nikamwambia, "Sijapotea. Nimemleta mkwe wangu kutibiwa. Anaumwa huzuni, kama wewe unavyoumwa presha, ila yeye hakujitafutia kwa kula chumvi."

Akafungua mdomo, nyanya moja ikaanguka. Mlinzi akafungua geti, tukapita. Nilisimama kidogo katikati ya geti makusudi, aliyetaka kutazama atazame.

Ndani kuna miti na benchi na watu kama watu. Daktari wao kijana, anaitwa Swalihu, alimpokea baba yako kwa mikono miwili, na barua ya mdogo wangu ilikwishafika. Amepewa dawa. Usiku wa tatu nikasikia anakoroma. Ua mzima unasikia. Jirani alikuja kulalamika, nikamkaribisha akae asikilize vizuri.

Kamba moja nimempa Charles amfungie ndama. Nyingine bado ninazo. Sina haraka.

Bibi yako anayekutaka nyumbani, uje na dawa zako mkononi na usizifiche kwenye soksi,
Anyesi

~

Dar es Salaam
5 Septemba 2004

Bibi wangu,

Shikamoo. Nimelia na nimecheka, na nimemsomea Dokta Rukaya pale pa nyanya kwa ruhusa ninayojipa mwenyewe. Anasema dada yake ni mkali.

Nakuja Desemba, chuo kikifunga. Nakuja na dawa zangu ndani ya mfuko unaoonekana.

Ila nina swali linalonikosesha raha. Baba amepita getini mchana. Nyumbani najua mnampenda. Je, huko nje, kisimani, kwenye jumuiya, watu wanamwonaje? Wanampa mkono? Wanamwuliza ushauri kama zamani? Nisingependa apone halafu abaki mtu wa kusimuliwa.

Wako,
Devota

~

Mkonze
10 Oktoba 2004

Kwa mke mwenzangu Devota,

Marahaba. Nyumba ni nzima. Baba yako alipogoa zabibu zote mwenyewe, amezikata mpaka zinatia huruma, na sasa zimetoa macho mapya. Nyemo ameacha kujifunika mdomo. Goti liko vilevile.

Umeuliza watu wanamwonaje. Mwanzoni walipunguza sauti akipita. Siku moja Mama Gideoni akaja kuazima kinu. Kinu anacho, kikubwa kuliko changu. Akakaa, akazunguka, akasifu mlenda, mwishowe akaniuliza huyo mdogo wangu wa kwenye kioo anapatikana siku gani, maana kuna mtu kwao halali. Sikumcheka. Nimemwambia Alhamisi, na kwamba kanga aje na yake. Tangu hapo wamekuja wengine watatu, na wote wanaazima vitu walivyo navyo. Abdulrazaki ameweka benchi ndani, lenye pazia.

Lakini hilo siyo jibu lako. Jibu lilikuja wiki mbili zilizopita.

Mzee Mazengo wa Nzuguni, unamjua, yule asiyecheka, kijana wake Marko anataka kuoa huko Chang'ombe. Wenye binti ni watu wagumu, wamekwisha kuwarudisha washenga wawili. Nikaona Mzee Mazengo anaingia uani na ndugu zake wawili, wamevaa makoti. Nikajificha jikoni na kutega masikio yote. Wakamsalimia baba yako, wakakaa, wakasema shida yao: wanamwomba awe mshenga wao. Akaseme kwa niaba ya ukoo wao mzima.

Baba yako akakohoa. Kisha akawaambia kwamba ni haki wajue kabla hawajaendelea. Kwamba mwaka huu alikuwa mgonjwa wa huzuni, kwamba alikaa miezi bila kusema neno, kwamba mpaka leo anameza dawa ya geti lile.

Mzee Mazengo akasema, "Tunajua, Ernest. Nchi nzima inajua, mama mkwe wako aliitangaza siku ya gulio. Dawa unaimeza kwa mdomo, na mdomo huohuo ndio tuliokuja kuuomba."

Jana wamekwenda Chang'ombe. Baba yako alivaa koti lake la harusi. Nilibaki nyumbani natembea kutoka mlangoni hadi zizini. Jioni nikawasikia kabla sijawaona, wanakuja wanaimba barabarani, na Mzee Mazengo, yule asiyecheka, anacheka.

Binti ametolewa. Ndugu yake Mazengo ndiye aliyenisimulia, maana baba yako hajisifu. Anasema Ernest alianza kuongea baada ya chai, akaeleza habari za kijana, za ukoo, za heshima, za jinsi mke anavyotunzwa na jinsi anavyoliliwa. Akaongea mpaka mama wa binti, nyuma ya pazia, akaanza kupiga vigelegele kabla hajaulizwa. Na baba wa binti akaomba mshenga apumzike kidogo, kwa sababu wao walikuwa wamekwisha kukubali zamani na chakula kinapoa.

Bibi yako,
Anyesi